Bwana Dodgson na Mawindo ya Herufi

Mtu huyu anajulikana dunia nzima kwa jina ambalo hakupewa na baba yake wala mama yake. Jina lake la kuzaliwa ni Charles Lutwidge Dodgson, na wenzake wa chuoni walimwita Bwana Dodgson mpaka siku walipopata habari za kifo chake. Lakini mwaka 1856, akiwa kijana wa miaka 24, alitaka kuchapisha shairi katika jarida moja la London lililoitwa The Train, naye hakupenda jina lake lijulikane. Basi akayachukua majina yake mawili ya kwanza, Charles na Lutwidge, akayafungua kama fundi anavyoifungua saa. Alizitawanya herufi zake zote akazipanga upya, akapata Edgar Cuthwellis, akapata na Edgar U. C. Westhill. Kisha akayageuza majina yale yale kwa Kilatini, akayapindua la pili likawa la kwanza, akayarudisha kwa Kiingereza, yakatoka Lewis Carroll. Orodha akampelekea mhariri, Edmund Yates, achague mwenyewe. Mhariri akachagua Lewis Carroll, na hilo ndilo lililobaki.

Wasomaji wetu wengi, hasa wale wenye mvi kama zangu, walimjua kwa kitabu cha Elisi katika Nchi ya Ajabu, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 na Sheldon Press ya London, kwa tafsiri ya E. V. St. Lo Conan Davies. Vijana wa siku hizi wanaweza kukisoma kwa tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka mwaka 2015. Kisa cha binti aliyemfuata sungura shimoni sina haja ya kukirudia. Nataka kusema habari ya Carroll ambayo haisemwi sana katika kurasa za Kiswahili, nayo ni kwamba bwana huyu, umri wake wote, alikuwa mwindaji wa maneno kwa kufuata nyayo za herufi zake. Michezo mingi ya Kiingereza ambayo watoto wetu wanachezeshwa mashuleni, ya kutafuta neno lenye herufi hizi au zile, ukiifuata nyuma utakutana naye njiani.

Alizaliwa tarehe 27 Januari, 1832, katika kijiji cha Daresbury, jimbo la Cheshire, huko Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, na nyumba ilijaa watu: watoto 11, wasichana saba na wavulana wanne, naye akiwa wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kati ya wavulana. Mwaka 1843 baba alihamishiwa Croft, katika jimbo la Yorkshire. Huko, kijana Charles akawa ndiye mwenye kuwatumbuiza ndugu zake. Aliwatungia mashairi, akawachorea vikaragosi, akawaandikia kwa mkono magazeti ya nyumbani, yasomwe na watu wa nyumba ile tu. Gazeti la mwisho aliliita Mischmasch, neno la Kijerumani lenye maana ya mchanganyiko wa mambo, kama tunavyosema sisi mseto. Msomaji alishike jina hilo, maana litarudi.

Alikuwa na kigugumizi. Maneno yalimkwama kooni, na sikio lake la kulia halikusikia vizuri. Sisi tuliopita chuoni tunaijua habari ya Nabii Musa, alayhi salaam, aliyemwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi. Fundo la Dodgson halikufunguka. Huenda ndiyo sababu neno kwake halikuwa pumzi tu inayotoka ikapotea. Lilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, kinachogeuzwa huku na huku, na kuhesabiwa vipande vyake.

Aliingia chuo cha Christ Church, Oxford, Januari mwaka 1851, na siku mbili baada ya kufika alipata habari kwamba mama yake amefariki. Akarudi kwao kuzika, kisha akarejea kwenye masomo. Mwaka 1854 alipata daraja ya kwanza katika hesabu, na kuanzia 1855 hadi 1881 akawa mwalimu wa hesabu chuoni hapo hapo. Alikaa Christ Church mpaka mwisho wa maisha yake, karibu miaka 47. Hakuoa. Mwaka 1861 alitawazwa kuwa shemasi, yaani daraja ya chini ya ukasisi, akasimama hapo na hakupanda zaidi. Kigugumizi kinatajwa kuwa mojawapo ya sababu, ingawa yeye mwenyewe hakuliweka jambo hilo wazi.

Mkuu wa chuo alikuwa Henry Liddell, mmoja wa wanavyuoni wawili waliotunga kamusi kubwa ya Kigiriki na Kiingereza iliyotoka mwaka 1843. Mtu huyu alikuwa na mabinti, na mmoja wao aliitwa Alice. Tarehe 4 Julai, 1862, Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua mabinti watatu wa Liddell kwa mashua mtoni, kutoka Oxford hadi Godstow, na njiani akawatolea hadithi. Alice akamwomba aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865, na nakala 2,000 za kwanza zikarudishwa kwa sababu mchoraji, John Tenniel, hakuridhika na uchapaji wa picha zake. Kitabu cha pili cha Alice kilitoka mwishoni mwa 1871, na humo mwishoni mna shairi ambalo ukizisoma herufi za mwanzo za mishororo yake, kutoka juu kwenda chini, zinakutajia jina zima la yule binti, Alice Pleasance Liddell.

Hapo mshairi wa pwani anatabasamu. Ufundi huu si mgeni kwetu. Wazee wetu walitunga tungo zilizofuata alifu, bee, tee mpaka yee, kila ubeti na herufi yake, na Dura Mandhuma ni mfano unaojulikana na kila aliyewahi kukaa na watu wa Lamu na Siu. Na kila anayetunga shairi la vina ni mwindaji wa aina hiyo. Ukishajifunga kwa kina cha «ndo», usiku utaupitisha ukiyaita maneno kwa mikia yao: pendo, tendo, mwendo, mshindo, nyundo, pindo. Tofauti ni kwamba sisi hulishika neno mkiani, na Bwana Dodgson alilishika kokote, mkiani, kichwani, hata tumboni.

Mchezo wake wa kwanza uliopata sifa kubwa aliubuni Krismasi ya mwaka 1877, kwa ajili ya wasichana wawili waliokuwa wamechoka kwa kukosa la kufanya. Aliuita Doublets, sisi tuuite Mapacha. Kuanzia Machi 1879 ulichapishwa katika jarida la Vanity Fair, na mwaka huo huo ukatoka kitabu. Unapewa maneno mawili yenye urefu sawa, nawe uende kutoka la kwanza hadi la pili kwa kubadilisha herufi moja tu kila hatua, na kila hatua iwe neno la kweli. Kwa Kiingereza unaweza kumtoa paka, cat, ukamfikisha kwa mbwa, dog, kwa kupitia cot na dot.

Nilijaribu kwa Kiswahili nikidhani hautakubali. Umekubali kama maji mtungini. Mtoe baba mpaka kwa mama: baba, haba, hama, mama. Toka dukani uende sokoni: duka, suka, soka, soko. Nimemwonyesha mjukuu wangu, na tangu siku hiyo daftari lake la hesabu limejaa ngazi za maneno badala ya hesabu.

Lakini mchezo unaonigusa zaidi ni ule aliouchapisha mwaka 1881 katika jarida la The Monthly Packet, akaupa jina la lile gazeti la utotoni, Mischmasch. Hauhitaji ubao, hauhitaji vipande, hauhitaji hata kalamu. Watu wawili wanakaa. Mmoja anatoa kiini, yaani herufi mbili au zaidi zinazofuatana, na mwenzake atafute neno lenye kiini hicho ndani yake, bila ya herufi zile kutenganishwa. Ukiambiwa gp, utafute mpaka ufike kwa magpie, jina la ndege mmoja wa huko mwenye rangi nyeusi na nyeupe. Ukiambiwa emo, utajibu lemon, yaani limau. Ukiambiwa imse, jibu ni himself. Mifano hiyo mitatu ni yake mwenyewe. Mimi naongeza wa nne, wkw, na atakayelipata awkward bila ya kufungua kamusi ana akili ya kusifiwa.

Ugumu wake ni wa namna ya pekee. Kamusi imepangwa kwa herufi za mwanzo, kwa hivyo haikusaidii. Ukiwa na gp tupu, neno lako linaweza kuanza kwa herufi yoyote ile. Akili haiwezi kupita njia yake ya kila siku. Yabidi iingie nyumba ya neno kwa dirisha la ubavuni. Mara nyingi utaona kwamba neno unalo, umelitumia asubuhi ile ile, lakini halitokei mpaka uache kulitafuta.

Na kanuni yake kubwa ni moja: jibu liwe neno halali. Sikuongeza uhalali huo mimi kwa kuwa Mwislamu, ndivyo alivyolipambanua yeye kwa Kiingereza chake. Neno halali, kwa sheria ya Bwana Dodgson, ni lile linalojulikana na watu wa kawaida katika mazungumzo yao, na lisiwe jina la mtu wala mahali. Hakusema neno la wasomi. Hakusema neno la kamusi fulani. Alirudisha hukumu kwa watu.

Nilipata kuikumbuka kanuni hiyo mahali nisipotarajia. Nilikuwa safarini kwenda Isiolo, na njiani nikapita Kiirua, huko Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ambako mashamba ya viazi yanaitazama nchi kavu iliyo chini. Mtoto wa rafiki yangu wa Mombasa alikuwa akifundisha katika shule moja ya huko, naye ananiita ami. Akanisihi nisipite bila ya kuingia darasani kwake. Baridi ilikuwa kali kiasi cha kunifanya nivae koti juu ya kanzu, na watoto wakaniangalia kama niliyetoka katika kitabu cha picha.

Saa ile ilikuwa ya klabu ya Kiingereza. Mwalimu mwenzake alikuwa akiandika herufi ubaoni, na wanafunzi wakitafuta maneno yenye herufi hizo. Hapana aliyemtaja Lewis Carroll, wala sidhani kama yuko aliyejua kwamba mchezo ule ni wake. Zikaandikwa afa. Kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasimama akasema safari. Darasa zima likacheka, kwa kuwa wote walijua kwamba safari ni neno letu, na saa ile maneno yetu hayakuwa na ruhusa. Msichana akakaa, akainamisha kichwa.

Mwanangu yule, mwalimu wa Kiswahili, alitoka bila ya kusema kitu, akarudi na kamusi ya Kiingereza kutoka chumba cha walimu. Safari imo. Waingereza walilichukua neno hilo katika karne ya 19, kwa mikono ya wasafiri kama Richard Burton waliopita pwani yetu na kuajiri wapagazi wetu, na neno likaingia katika vitabu vyao na halikutoka tena. Askari nalo limo, bwana limo, na uhuru limo. Msichana akapewa alama yake. Sijui kama alisikia raha kuliko nilivyosikia mimi. Waama, jambo lililonikaa moyoni si kupata kwake alama. Ni kwamba darasa zima la watoto wa Kiafrika, lenye Kimeru nyumbani na Kiswahili sokoni, lilikuwa na hakika kwamba neno lao wenyewe si halali mpaka kitabu cha Kiingereza kilipotoa idhini.

Saa ya Kiingereza ilipokwisha, mchezo ukaendelea kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya lugha mbili kwa macho yangu. Kiini kama gp hakina maana kwetu, maana silabi zetu zinapenda kumalizika kwa irabu. Lakini ukisema njw, watakujia mgonjwa na kuvunjwa. Ukisema nyw, utapata kinywa, nywele na kinywaji. Mwalimu akatoa mbw. Mvulana akasema mbwa, mwingine akasema mbweha. Yule msichana wa safari akasimama tena akasema mbwembwe, akadai alama mbili, kwa kuwa kiini kimo mara mbili. Ulizuka ugomvi mtamu uliotuchelewesha chakula. Nilipoulizwa kama mzee wa kanzu, nilimpa alama zake mbili, na sikukata rufaa kwa mtu yeyote.

Yako na mengine. Katika Kiswahili, konsonanti mbili zikikutana nje ya desturi ya Kibantu, mara nyingi zinakuonyesha bandari ambayo neno limetokea. Tafuta ft utapata daftari. Tafuta bd utapata labda. Tafuta kt utakutana na maktaba, lakini pia utakutana na daktari, ambaye amekuja kwa jahazi jingine kabisa. Tafuta lm utapata almasi. Mtoto akicheza hivi anasoma historia ya Bahari ya Hindi bila ya kuambiwa kwamba anasoma historia.

Mtu asifikiri kwamba kuhesabu herufi kwa utaratibu kulianza Oxford. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Dodgson, aliishi Basra mwanachuoni mwenye asili ya Oman, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwalimu wa Sibawayhi, na ndiye aliyeiweka elimu ya arudhi, yaani vipimo vya mashairi ya Kiarabu. Alipotaka kuyakusanya maneno yote ya Kiarabu katika kamusi yake, Kitab al-Ayn, hakungoja maneno yamjie. Alizichukua herufi za asili akazigeuza kila namna. Herufi mbili zinageuka mara 2, herufi tatu mara 6, nne mara 24, na tano mara 120. Kisha akatazama mageuzi yapi yanatumika na Waarabu na yapi yameachwa. Chukua kafu, tee, bee: katika mageuzi sita ya herufi hizo, moja ndilo lililotupa sisi kitabu, katibu na maktaba. Al-Khalil naye, kama Dodgson, aliwaachia watu wenye lugha kuamua neno lipi ni hai. Yeye alifanya hivyo kwa ajili ya elimu, Dodgson kwa ajili ya kuchangamsha watoto, lakini mlango walioupita ni mmoja.

Hata ule utaratibu wetu wa abjadi, ambao alifu ni moja na bee ni mbili, na mshairi huweza kuuficha mwaka ndani ya neno, Dodgson alikuwa na wake. Kila tarakimu aliipa konsonanti mbili, irabu zikawa za kujazia tu, na tarehe aliyotaka kuikumbuka akaigeuza kuwa neno. Alitunga pia maandishi ya siri ya namna mbalimbali. Alizipangua herufi za jina la Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu, akatoa maneno ya kumsifu kama malaika arukaye na kuliwaza. Za Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu, alizipangua pia, ila huyo hakutoka na sifa. Mwaka 1867, katika safari yake ya pekee nje ya Uingereza, alifika Urusi, na moja ya mambo aliyoyanakili katika kumbukumbu zake ni neno refu la Kirusi lililosongamana konsonanti hata jicho la Mwingereza likashindwa pa kupumzika. Wengine hununua zawadi safarini, yeye alirudi na neno.

Tarehe 19 Desemba, 1880, aliandika katika kumbukumbu zake za kila siku wazo la mchezo wa herufi zinazosogezwa juu ya ubao wa sataranji mpaka zifanye maneno. Wazo hilo lilibaki kama mbegu. Miaka ya 1930, huko Marekani, msanifu majengo aliyekosa kazi, Alfred Butts, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi inatokea mara nyingi na ipi mara chache, akatengeneza mchezo wake wa ubao, ambao tangu 1948 unaitwa Scrabble. Sidai kwamba Butts alizisoma kumbukumbu za Dodgson. Nasema tu kwamba wazo lilikwisha kupita katika kichwa cha yule shemasi mwenye kigugumizi.

Na kwa kuwa Butts alihesabu magazeti ya Kiingereza, sanduku lake ni la Kiingereza mpaka chini. Lina vipande 100. E ni vipande 12, na K ni kimoja tu. Mswahili aliyekaa na sanduku hilo atake kuandika kuku, hawezi, isipokuwa akope kipande kitupu kisicho na herufi. Kaka hawezi, na kikoi hawezi. Ananyimwa K, anapewa Q yenye alama 10 ambayo hana pa kuiweka. Kwa sababu hiyo naupenda mchezo wa kiini kuliko ule wa sanduku, kwa kuwa hauna herufi zilizohesabiwa na mtu mwingine kwa niaba yako.

Maisha yake yalikuwa ya mpangilio mkali. Kuanzia 1861 aliweka daftari la barua zote alizoandika na alizopokea, na hesabu ilipokoma ilikuwa imefika 98,721. Alipiga picha tangu 1856 hadi 1880, na alikuwa mmoja wa wapiga picha hodari wa wakati wake. Mwaka 1891, kwa kuwa mawazo yalimjia usiku na hakupenda kuinuka kuwasha taa, alibuni kijibao chenye matundu na herufi zake za nukta na mistari, apate kuandika gizani. Vitabu vyake vya hesabu na mantiki vilitoka kwa jina la Dodgson au la Carroll kutegemea vilimlenga nani, na barua zilizoletwa chuoni kwa jina la Carroll alikuwa na tabia ya kuzirudisha.

Lakini sitaki kumsifu nikafunika macho. Dodgson alipenda sana kukaa na wasichana wadogo, akawapiga picha, nyingine zikiwa bila ya nguo, ingawa kwa idhini ya wazazi wao. Mwishoni mwa Juni 1863 palitokea jambo lililomtenga na jamaa ya Liddell, na ukurasa wa kumbukumbu za siku hizo umekatwa. Katika madaftari yake 13 ya kumbukumbu, manne hayapo. Wataalamu wanabishana mpaka leo, wengine wakimtetea kwa desturi za zama zake, wengine wakimshuku vibaya. Mimi ni baba na babu, na nasema kwamba mwenye binti ana haki ya kuuliza, na kwamba aliyeukata ule ukurasa hakumsaidia marehemu.

Krismasi ya 1897 alikwenda Guildford kukaa na dada zake, kama ilivyokuwa desturi yake. Akashikwa na mafua makali, yakashuka kifuani yakawa kichomi. Alifariki tarehe 14 Januari, 1898, zimebaki wiki mbili atimize miaka 66. Alizikwa huko huko Guildford, na juu ya kaburi lake yameandikwa majina yake yote mawili, lile alilopewa na lile alilojipangia.

Wasomaji wanaopenda kujaribu mawindo yake kwa Kiswahili, viini vya wiki hii ni hivi: ghr, mchw, rdh na ksh. Majina ya watu na ya miji hayakubaliwi. Kamusi ifunguliwe mwisho.